Sala Iliyopita Ukutani

Mwaka wa 1956 Zadock alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja huko Karen, nje ya mji wa Nairobi. Yeye na mkewe, Nanyama, walikaa katika chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa, safu moja na watumishi wengine. Ukuta kati ya chumba na chumba ulikuwa wa mbao tupu. Mtu akikohoa huku, jirani wa kule anamwambia pole.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuwasha jiko la bwana, Zadock alipiga magoti na kuomba. Kuomba gani huko! Sauti ilifika mpaka kwenye zizi la farasi. Aliwaombea wagonjwa, wasafiri, na mahindi ya nyumbani kwao Bungoma. "Ndugu Zadock anajua kuomba," watu walisema, naye sifa hizo alizipenda sana.

Asubuhi moja aliomba hivi, kwa sauti ile ile: "Ee Bwana, mtazame mke wangu Nanyama! Mimba mbili zimeharibika. Anaogopa kwamba mama yangu atanitafutia mke mwingine. Mhurumie, Bwana!"

Jamani, Zadock! Maneno hayo Nanyama alimwambia yeye peke yake, chini ya blanketi, tena kwa kunong'ona.

Nanyama alipokwenda bombani kuteka maji, wanawake wote walinyamaza. Kisha mmoja akamshika bega. "Pole, dada. Na sisi tutakuombea."

Mama yule hakuwa na ubaya. Lakini Nanyama aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze. Alirudi na debe tupu.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alimwambia mumewe jioni.

"Mimi? Nilikuwa nasema na Mungu!"

"Mungu si kiziwi, Zadock."

Zadock alikasirika. Alisema mkewe anapinga maombi, akaendelea vile vile. Nanyama hakugombana tena. Alipika, alifua, aliitikia salamu. Ila neno la moyoni hakumwambia tena. Zadock akimwuliza, "Una nini?" alijibu, "Sina kitu." Miezi ikapita hivyo.

Ndipo Zadock alipoingiwa na hofu. Alikuwa anampoteza mkewe, na huku wanalala kitanda kimoja. Akapaza sauti zaidi katika sala. Wapi! Haikusaidia kitu.

Katika safu ile aliishi pia mama mmoja mtu mzima, jina lake Peres, yaya wa watoto wa bwana. Jumapili moja Zadock alimkuta akifuma sweta mlangoni pake.

"Mama, naomba sana. Lakini mke wangu hasemi nami."

"Wewe unaomba, au unahubiri?"

Zadock alikunja uso.

"Usikasirike, mwanangu. Mungu akitaka kukuambia neno, atalipitisha wapi? Humpi nafasi."

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi nilifundishwa na kazi. Mtoto akilala mapajani pangu, siwezi kupiga kelele. Basi nakaa kimya na Mungu. Chagua neno moja fupi. Langu ni 'Baba'. Kaa vizuri, pumua polepole, ulitaje moyoni. Usidai kitu. Kaa naye tu. Mawazo yatakimbia huku na huko. Usigombane nayo, rudi kwenye neno lako."

"Na wale wagonjwa?"

"Wataje moyoni. Anawajua kuliko wewe. Lakini fanya kila siku, hata siku usiyoona faida."

Kesho yake Zadock alikaa kwenye kigoda. *Baba.* Akawaza supu ya bwana. *Baba.* Akawaza kuni mbichi. Mwisho akasinzia.

"Mama, siwezi," alimwambia Peres.

"Nani kakuambia utaweza leo?" Peres alicheka. "Kaa tena kesho."

Akakaa kesho, na kesho kutwa, na siku zilizofuata. Asubuhi moja, katika kimya kile, alisikia kitu. Nanyama alikuwa analia, uso kwenye mto. Kilikuwa kilio kidogo, cha mtu aliyezoea kukificha. Moyo ulimwuma Zadock. Amelia hivi asubuhi ngapi? Naye alikuwa hapo hapo, akipiga kelele, asimsikie!

"Nanyama," alisema. "Nilikukosea. Siri ile ilikuwa yako. Nisamehe."

Nanyama aliinuka, akaenda kuwasha makaa. Zadock hakumsukuma. Alikwenda kazini na uchungu wake.

Aliendelea kukaa kimya kila asubuhi. Mvua za masika zilikuja, zikaisha. Halafu siku moja Nanyama alikuja akaketi sakafuni karibu naye. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Kulikuwa na ya tatu. Iliharibika karibu na Krismasi. Nilikwenda hospitali peke yangu. Nilitaka sana kukuambia, Zadock. Niliogopa."

Mtoto wake alikuja akaenda, naye baba mtu hakujua. Siku ile hairudi tena, hata aombe namna gani. Zadock alimshika mkewe mkono. Nanyama hakuutoa. Akamwegemea begani, wakalia pamoja kimya kimya.

Zadock alichelewa kazini. Memsaabu, mke wa bwana, alimkuta jikoni, macho mekundu.

"Zadock, kuna nini nyumbani?"

"Ni moshi tu, memsaabu," alijibu, akageukia jiko lake.