Aliyeitikia Karibu ya Benadetha

Treni ya mwisho ilikuwa imeshapita, lakini kwenye benchi palikuwa na mtu.

Benadetha alisogelea skrini. Yeye alikuwa Sterling, Virginia, saa saba mchana, jua kali dirishani. Kile kituo kidogo alichokilinda kwa kamera kilikuwa Japani, ambako ilikuwa saa nane usiku. Kampuni iliona ni nafuu kumweka mama wa Kitanzania huku kuliko kumweka mlinzi kule. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha abiria wote wametoka, kufunga chumba cha kusubiria na kuzima taa.

Mtu yule aliinamisha kichwa magotini. Pengine mlevi, Benadetha alifikiri. Yeye mwenyewe alikuwa na njaa, na alikuwa na hasira. Likizo ya uzazi walimpa wiki sita tu, kama aliyeng'oa jino, na mtoto wake Euphrasia, wa miezi minne, alishinda nyumbani na baba yake, Leonard. Akafungua kontena lake la wali na maharage. Kiwiko kikagusa kitufe cha kipaza sauti, na yule mtu akainua kichwa. Benadetha, kwa mazoea ya kwao, akasema, "Karibu chakula."

Sasa nani asiyejua? Ukikaribishwa hivyo na mtu msiyejuana, unasema asante, endelea, unapita zako. Mtoto wa chekechea anajua. Yule hakushukuru. Alikuja mpaka chini ya kamera, akapanua mdomo, na kituo kikabaki kitupu. Ofisini pakanuka chuma kilicholowa mvua. Benadetha alipotazama chakula chake, wali ulikuwa umechacha na unavuta utelezi.

"Umemwambia nini?" Khalfan, mwenzake wa zamu, mtu wa Pemba, aliuliza kwa kunong'ona.

"Nimemkaribisha. Si ndivyo tunavyosema?"

"Kwa binadamu, dada. Nimezicheki kamera zote. Hakuingia mlangoni, hakushuka kwenye treni. Huyo ni jini, na umemwita kwa mdomo wako. Haondoki mpaka chakula kimchukize mwenyewe."

Wali haukumtosha. Siku ya tatu matiti ya Benadetha yalikuwa makavu, na Euphrasia alikataa katakata maziwa ya dukani.

"Mtoto analia tangu asubuhi," Leonard alisema alipompokea mkewe jioni. "Anakonda, Bene. Maziwa yanakwenda wapi?"

Benadetha akaketi sebuleni, mlango wazi, watoto wa jirani wakicheza nje, akampa mwanawe titi la kulia, na mtoto akavuta, akakosa, akaachia na kulia, na hapo ndipo mama yake aliposikia mnyonyo mwingine, wa taratibu, wa mtu mzima asiye na haraka, na titi la kushoto, ambalo hakuna aliyelishika, likavutwa ndani ya blauzi, baridi likapenya mpaka mgongoni, ile harufu ya chuma ikamjaa puani, na kitu kikawa kinapumua kifuani pake na kumeza, na kumeza, na kumeza.

Hofu ilimtoka yote. Ilibaki hasira.

"Mshenzi mkubwa wewe! Hata cha mtoto?"

"Unaongea na nani?" Leonard alinong'ona.

"Nipe jani la shubiri, hapo dirishani."

Leonard akageukia dirisha. "Hiyo ni ya kumwachisha mtoto ziwa. Ukipaka, Euphrasia naye..."

"Najua. Lete!"

Alilivunja jani, akapaka ule utomvu wa njano titi hili na hili. "Nyonya basi," alisema kwa ghadhabu. "Nyonya, mlafi wewe!"

Kitu kikavuta. Kikatema. Ukapigwa ukelele mkali wa chuma kusaga chuma, vioo vikatikisika, mlango ukajibamiza, na harufu ikaisha.

Baada ya saa moja maziwa yalirudi, yakalowesha blauzi. Benadetha alijisugua kwa sabuni mara tatu, akamchukua mwanawe. Euphrasia alilamba mara moja tu. Akakunja uso, akapiga mayowe, akajitupa upande wa baba yake.

Ikabidi akamue kwenye chupa, na Leonard akamnywesha. Benadetha alisimama jikoni akitazama, amekunja ngumi, kwa sababu kila aliposogea karibu, mtoto aliacha kunywa na kuanza kulia.