Santuri ya Suam Sparks

Mvua ya Kitale haibishi hodi. Ilimkuta Nabwile sokoni, amekumbatia santuri ndani ya leso kama mtoto mchanga. Akakimbilia kibanda cha Thuo, fundi wa redio.

“Sasa fundi! Unakaribisha mteja ama mgeni?”

“Mrembo akilowa hivyo, ni mgeni.”

Blauzi yake ya manjano ilimgandama mabegani. Thuo akasahau waya mkononi.

Santuri ilikuwa ya marehemu baba yake Nabwile, mwimbaji wa Suam Sparks, vijana wanne wa Bungoma waliopiga gita za umeme kwa fujo ndani ya gereji, hadi wakubwa wa wilaya wakaifunga. Bendi ilitoa santuri hiyo moja tu.

“Nitolee nakala kwenye kaseti,” Nabwile alisema, “lakini santuri yenyewe ndiyo tutacheza siku ya kumbukumbu yake.”

Kaseti ikatoka. Santuri ikabaki kwa Thuo, maana mapenzi yalikuwa yameanza na kila mmoja alitaka sababu ya kurudi.

Kisha akapita mzungu mkusanya santuri. Akaichukua, akaacha amplifaya mpya. Thuo akaibeba nyumbani, akijiambia, si kaseti ipo? Wiki hiyohiyo askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, wakabomoa vibanda, cha Thuo kikiwemo. Uongo ukajileta wenyewe.

“Sweetie, kanjo wameivunja,” alisema kwa simu.

“Ati nini? Wakubwa walimfungia gereji akiwa hai, sasa kanjo wamemvunja akiwa kaburini!” Nabwile alilia hadi kadi ya simu ikaisha.

Nani Kitale angebisha? Kanjo wamebomoa maisha ya maskini wengi. Kosa moja la kuongezewa halikuonekana. Lakini Thuo kila akiwasha amplifaya, chakula kilimshinda.

Siku ya kumbukumbu, huko Kanduyi kwa kina Nabwile, Thuo aliileta hiyo amplifaya, akaiunganisha na redio, akatia kaseti. Sauti ya marehemu ikatoka ikikwaruza. Wazee wakainuka kucheza. Nabwile, ndani ya gauni jeupe, akamshika Thuo mkono mbele ya shangazi zake.

“Chombo kizuri, bana. Ulitoa wapi?” Nabwile aliuliza.

“Nilipewa, nikatoa santuri. Kanjo hawakuigusa.”

Mkono wa Nabwile ukatoka taratibu.

“Miezi mitatu nawalaani watu.”

“Hao pia wana makosa yao, mpenzi…”

“Wanayo. Hili ni lako.”

Wimbo ukakatika. Wazee wakageuka, wakingoja.

“Geuza kaseti,” Nabwile alisema bila kumtazama. “Ikiisha, beba chombo chako. Kaseti utaiacha.”

Thuo akaigeuza. Upande wa pili, mzee ambaye angekuwa baba mkwe wake akaanza kuimba.