Mishono Sita Begani

Jumatatu Etelvina alipunguza mishono minane kwenye mwili wa sweta. Jumanne asubuhi alipofungua karatasi ya vipimo, akakuta imepunguzwa mingine sita, begani, upande wa kushoto tu. Mwandiko ulikuwa wake. Hakukumbuka kuandika.

Hakushtuka. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu binti yake mkubwa, Leonila, achukuliwe na mto wakati wa mafuriko, na tangu hapo hakuna kilichomshtua Etelvina. Majirani zake wa mji wa Catacaos walimsema kwamba moyo wake umekuwa jiwe. Aliwasikia, akaendelea kufuma.

Sweta lilikuwa la Yanira, binti aliyebaki. Alikuwa anakwenda Lima kusomea uuguzi, na ukungu wa Lima hupenya hadi mifupani. Mchoro wenyewe ulikuwa wa sufu, naye alifuma kwa pamba. Pamba ni nzito, ikivutika hairudi, kwa hiyo mwili lazima uwe mwembamba zaidi, mikono mifupi kidogo, kwapa lipandishwe. Hayo Etelvina aliyajua kama anavyojua kupika. Lile bega hakulijua. Lakini vidole vilikuwa vimeshaanza, akafuma kama karatasi ilivyosema.

Jumamosi adhuhuri Yanira akalijaribu.

"Mama! Limenikaa kama ngozi! Wenye maduka wa Lima wafunge tu, waende kulima."

"Geuka nikuone."

Akageuka. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka, limefuata sweta. Nje barabarani kulikuwa na vumbi tupu, ila chumba kilinuka tope la mto.

"Mbona umeinama?"

"Nani kainama? Vaa miwani yako, mama."

Hakulivua. Jumapili, joto la kuyeyusha mshumaa, bado alikuwa na sweta mwilini, wala hatoki jasho. Jumatatu aliepua sufuria ya maharage yanayochemka kwa mikono mitupu, akaibeba taratibu hadi mezani, viganja vikatoka malengelenge.

"Haviumi," alisema. "Hakuna kinachouma. Raha iliyoje." Kisha, kwa sauti nyingine, ya chini, yenye utani: "Vina, mkono wa kulia bado mrefu."

Aliyekuwa akimwita Etelvina hivyo ni mmoja tu, Leonila, yule aliyevunjika bega la kushoto akiwa na miaka tisa, bega likaunga likiwa fupi.

Etelvina akaifungua karatasi ya vipimo. Kisha akachukua penseli, akapunguza mishono minne, akaketi karibu na binti yake na kuufuma upya mkono wa kulia, Yanira akiwa amevaa.

Jirani mmoja aliviona viganja vya Yanira, akakimbia kumwita Bi Casimira, mganga wa kutoka milimani. Mganga akaja na simbilisi mweusi, mnyama wa kutafutia ugonjwa, akampitisha mwilini mwa Yanira kuanzia miguuni. Alipofika bega la kushoto, mnyama alikauka mkononi mwake.

"Unamvisha nani?" mganga akanong'ona.

"Binti yangu."

"Yupi?"

Etelvina akalinyoosha bega la sweta.

"Nisikilize, dada. Marehemu wako amepumzika. Hili ni pepo la mto, limeokota vipimo vyake. Kila ukilibana sweta, aliye hai anakosa nafasi. Fumua."

"Fumua wewe."

"Aliyefuma ndiye anayefumua."

Etelvina akakata uzi shingoni, akavuta, na mstari baada ya mstari sweta likaanza kuliwa, na kila mstari ulipofumuka ile harufu ya tope ilizidi, na nywele za Yanira zikaanza kuchuruzika maji ilhali hakuna aliyezimwagia, na ile sauti ya utani, sasa ya mtoto anayetetemeka, ikasema Vina nasikia baridi, Vina usinivue, na mkono wa Etelvina ukasimama, ukakaa hivyo kwa muda ambao Bi Casimira baadaye hakutaka kuusimulia, hadi macho ya mama yakaangukia vile viganja vya Yanira vilivyopasuka visivyo na mwenye kuvililia, akavuta tena.

Yanira akapiga yowe. Maumivu yote ya mikono yalimjia kwa mpigo. Akalia, akatukana, akaomba maji, na bega lake likanyooka.

Alipolala, mganga akauzungusha uzi kuwa mabonge ili ayachome uani.

"Ulifumia mabonge mangapi?"

"Saba."

Bi Casimira akainama kuwasha moto. Etelvina akatazama mkekani. Yalikuwa manane, na la nane lilikuwa limelowa, lina joto kama kitu kilichotoka kupakatwa.

"Ni hayo yote?" mganga akauliza bila kugeuka.

"Ni hayo tu," Etelvina akasema, huku mfuko wa aproni ukimlowesha paja, na paja likianza kufa ganzi.