Sekunde Mbili za Kisomauso

Kisomauso kilihitaji sekunde mbili tu. Mgonjwa alipovuka mlango wa mapokezi ya dharura, macho sita ya kioo yaliyopachikwa darini yalipima kila msuli wa uso wake: mikunjo ya paji, taya zilizokazwa, hata mtetemo wa kope ambao binadamu haoni. Kisha taa iliwaka ukutani. Ikiwa nyekundu, roboti-machela ilimkimbilia. Ikiwa kijani, alikaa kwenye benchi akasubiri. Hospitali zote za Dodoma zilikuwa nacho.

Muuguzi Sechelela Chiwanga alikijua kuliko wengi. Miaka kumi na miwili nyuma, yeye na wenzake wanne walifungiwa chumbani kukifundisha. Picha ya uso ilitokea, wakabonyeza: anaumwa, haumwi. Sura elfu themanini. Mashine ikachukua macho yao, na tangu hapo kazi ya Sechelela ikawa kusimama mlangoni akitazama taa. Kumbe kukaa bila kuamua lolote nako kunachosha; uchovu ulikuwa umemwingia hadi kwenye mifupa.

Saa tano asubuhi aliingia fundi wa paneli za jua, Mahinyila, na mkewe Yudita.

"Habari za kazi, nesi," alisema Mahinyila. "Tumbo linanisumbua tangu jana."

Taa ikawaka kijani.

"Nesi, huyu usimwangalie usoni," Yudita alisema upesi. "Mwaka juzi paneli ilimponda mguu, akarudi nyumbani akaniuliza nimepika nini. Leo ameshindwa kuinama kufunga viatu!"

Sechelela akamtazama. Aliona mtu mtulivu, hana hata jasho. Angeweza kubadilisha taa, lakini kila badiliko lilidai maelezo kwa msimamizi, na mwezi huo alikwishaitwa mara mbili kuulizwa kwa nini anabishana na mashine. Alichoka kujieleza.

"Subirini, mama. Mtaitwa."

Saa moja na nusu baadaye, Mahinyila aliinuka ampishe bibi mmoja kiti, akaanguka kifudifudi. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na usaha umeenea.

Mahinyila alipokuwa chumba cha upasuaji, Sechelela alifungua kumbukumbu ya Kisomauso. Kila uamuzi ulionyesha sura za zamani zilizouzaa. Zilitokea tisa, zote za wanaume waliokomaa, wametulia, midomo imefungwa. Chini ya kila moja palikuwa na alama ya aliyeihukumu: *haumwi*. Saba zilikuwa na herufi za jina lake. Hakukumbuka hata sura moja. Alikumbuka tu jinsi shingo ilivyomuuma siku zile, na jinsi alivyobonyeza haraka ili amalize.

Hakuna aliyemwita kumuuliza. Kwenye taarifa, tukio liliandikwa kuwa ndani ya kiwango cha makosa kinachokubalika.

Kesho yake alipanda wodini. Yudita alikuwa ameketi kando ya kitanda, macho yamemvimba.

"Mimi ndiye niliyewaambia msubiri," Sechelela alisema.

"Nakukumbuka."

"Na mashine ile, mama, mimi ni mmoja wa walioifundisha. Iliona nilichokuwa naona mimi."

Yudita alimkazia macho. "Mimi nilikwambia kwa mdomo, nesi. Ulikuwa na masikio pia."

Mahinyila akafumbua macho.

"Pole na kazi, nesi," alisema kwa sauti iliyokauka.

Sechelela alivuta kiti, akakaa. Miguu yake ilimshukuru. "Baba, nataka uniambie kweli. Unasikiaje?"

Mgonjwa alimgeukia mkewe kwanza, kama anayeomba ruhusa ya kutaja jambo la aibu. Sechelela hakumharakisha.

"Linauma," alisema hatimaye. "Nesi, linauma sana."

Uso wake haukubadilika hata chembe. Sechelela akainuka kwenda kuleta dawa.