Kitufe cha Ghairi

Umeme ulikatika duka la kuchapisha likiwa limejaa wanafunzi, na karatasi ya mtu ikabaki nusu ndani ya mashine. Ilikuwa ya binti mmoja mwenye gauni la kijani, nywele amezibana kwa kalamu.

"Fundi, hiyo ni barua yangu ya chuo. Usiichane."

"Sichani, dada. Labda uniachie jina, ikitoka nikupigie."

"Jina halipigiwi simu."

"Basi niachie namba."

Wateja wakacheka. Akaiacha.

Barua ile ilithibitisha kwamba yeye ni mwanafunzi kweli. Alikuwa anaomba nafasi kwenye mpango ambao wanafunzi hulelewa na waandishi wazoefu wa programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia, kuzifungua na kuzirekebisha. Alichagua programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ndiyo aliyoitumia kazini marehemu baba yake, aliyekuwa muuguzi. Siku moja baba alitaka kurudi nyuma tu, akakuta vitufe viwili ambavyo mtafsiri wa Kiswahili aliviandika vyote Futa, akabonyeza kimoja kwa kukisia. Historia yote ya mgonjwa ikapotea. Baba alikufa akiwa bado anamuulizia mgonjwa yule.

"Kile kingine kilitakiwa kusema Ghairi," alimweleza Fundi kwenye simu, wakati huo wameshazoea kuongea kila jioni. "Nataka nikirekebishe, na vingine vyote vilivyokosewa."

"Na mimi utanirekebisha lini, laazizi?"

"Wewe umeshashindikana."

Lakini Jumamosi ambayo mama yake Fundi aliwaalika chakula cha mchana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi, na mpango wa kazi ambao binti alitakiwa kuutuma ulikuwa bado na mapengo.

"Mama amebadilisha hadi mapazia," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa imepoa. "Sasa nimwambie umeshikwa na kompyuta?"

Binti akafunga kompyuta. "Basi naacha maombi. Nitakuja."

Jumamosi asubuhi alivaa, akajipaka mafuta, kisha akabaki amekaa kitandani. Aliisikia sauti ya baba kama yuko chumba cha pili: "Yule wa kitanda cha dirishani, alipona?" Akavua viatu. Akafungua kompyuta, na kabla hajaanza kuandika akamtumia Fundi neno moja: *Nimeghairi.*

Fundi alilisoma sahani zikiwa zimeshapangwa mezani. Akazima simu.

Binti alipiga, haipatikani. Akaandika mpango huku anapiga, akakosea, akafuta, akapiga tena. Alipotuma, ukurasa ulizunguka, ukakwama, akarudia, mpaka ukakubali. Hakungoja hata kuizima kompyuta, akakimbilia nyumbani kwa mama yake Fundi.

Aliyefungua mlango ni Fundi. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na uso uliokunjamana.

"Umefuata nini? Si umeghairi?"

"Nimeghairi kuacha maombi."

"Uliandika neno moja tu."

"Na wewe ukazima simu kabla sijaandika la pili."

"Nilidhani umenighairi mimi."

"Wewe nikuache kwa neno moja? Ningekutukana ukurasa mzima kwanza."

Fundi alijitahidi asicheke. Akashindwa. Ndipo akaona kwamba mwenzake hacheki, machozi yanamtoka.

"Na huenda wasinichukue," binti alisema. "Wameomba wengi, wanajua kuliko mimi. Nitakuwa nimekuudhi bure, nimemuudhi na mama yako, na kile kitufe kibaki vilevile."

Fundi alimfuta uso kwa mkono wa shati lake jeupe.

"Ukikosa, nitaoa mke aliyekosa. Ukipata, nitaoa mke mwenye mikutano."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema nakuoa, ukinikubali."

"Nakukubali. Ila ongea taratibu, mama yako atasikia."

"Mama yake ameshasikia," sauti ilijibu kutoka jikoni, "na chakula kinapoa. Ingia ndani, mwanangu. Hayo majibu yenu tutayangoja tukiwa tumeshiba."