Wimbi la Makongeni

Hebu fikiria chumba kimoja kule Makongeni, jioni, stima imepotea na makaa pekee ndiyo yanayong'aa. Rafiki yangu Phares anachota maji mtungini. Dada yake Kezia, ambaye hajawahi kufika baharini, ameipua ugali na kuweka sufuria mezani.

Phares alikuwa ameishi miaka mingi ndani ya mashua ya matanga. Huko, aliyehisi wimbi kubwa kwanza aliita, "Shika!" ili wenzake washikilie kitu. Sasa alikuwa amepata kazi ya kuchomelea vyuma juu ya maghorofa, lakini mwili wake ulikuwa bado unayumba, na hata usingizini aliita.

"Wee baharia, hii ni simiti," Kezia alizoea kumtania. "Haiendi popote!"

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, Phares alihisi miguu yake imetulia.

"Kezia, nimepona!"

Juu ya paa, ambako hapakuwa na mlingoti wowote, ilisikika kamba ikigonga mlingoti, polepole.

"Shika!" Kezia akapiga kelele.

Sufuria ikateleza yenyewe mpaka ukingoni mwa meza, ikaanguka.

Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: mikono yote miwili ya Kezia ilikuwa imeshika ukuta.