Aliyesimama Kabla ya Kisimamo

Idi kubwa ya mwaka 1956 ilikuwa imebaki siku mbili, na soko la Msambweni halikuwa na pa kukanyaga. Mwanapili alikuwa akitoka kununua udi, amevaa buibui jipya la hariri, pindo lake liliponaswa na mnyororo wa baiskeli iliyopinduliwa mbele ya kibanda cha fundi. Fundi mwenyewe, Matano wa Kikoneni, alipiga magoti akazungusha pedali kinyumenyume mpaka pindo likatoka zima.

"Grisi haionekani kwenye nyeusi," alimtuliza.

"Lakini yanuka. Idi nzima nitanukia udi na baiskeli."

Tangu hapo baiskeli ya kakake Mwanapili ikawa yapata pancha kila wiki. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mjomba wa Matano akapeleka posa kwa babake binti, Mwalimu Abdurahman, msomaji wa maulidi. Mwalimu akasema atajibu baada ya maulidi ya Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume.

Mwanapili alijua babake angependa mkwe wa namna gani. Akamuuliza Matano kama aijua maulidi. Matano, ambaye hakuelewa Kiarabu wala kutofautisha pigo moja la tari na jingine, alijibu kwa kifua kipana kwamba anaijua neno kwa neno.

Usiku wa maulidi aliketi jamvini katikati ya wanaume. Kila mtu pale alijua kwamba watu hukaa mpaka msomaji afike kwenye kuzaliwa kwa Mtume, ndipo husimama wote pamoja, na hicho ndicho kisimamo. Matano naye alijua, ila hakujua ni wapi. Mwalimu alipandisha sauti, matari yakanyamaza, sauti ikabaki juu peke yake. Machozi yakamtoka Matano, akasimama. Waliokuwa nyuma yake wakadhani wakati umefika, wakasimama. Mnyunyiza marashi, ambaye zamu yake huwa kwenye kisimamo, akatoka mbio na mrashi wake. Mwalimu akakatiza kusoma mpaka watu wakaketi tena.

Kesho yake Mwanapili alikuja kibandani bila baiskeli.

"Kutojua si aibu, Matano. Lakini umenidanganya, na baba adhani ulimfanyia mzaha."

Matano alikosa usingizi siku tatu. Ya nne akaenda barazani kwa Mwalimu, akaamkia shikamoo, akakiri kwamba hakujua lolote, si maneno wala mahadhi.

"Basi ni nini kilichokuinua?"

"Sauti yako ilipobaki peke yake, Mwalimu. Sikujua nimesimama."

Mwalimu aliuweka mkongojo wake kando.

"Miaka thelathini nasoma," alisema, "na pahali hapo hapo nami hutamani kusimama. Hunizuia kitabu. Mwambie mjomba wako aje Ijumaa."

Nyuma ya mlango mtu alicheka. "Na mwakani," Mwanapili akasema, "usinyanyuke mpaka unisikie nikikohoa."

Mwaka uliofuata Matano alikaa jamvini, mume wa mtu sasa, ameling'ang'ania jamvi kwa mikono miwili. Mwalimu alipandisha sauti. Matari yakanyamaza. Matano akauma meno, kwani wakati ulikuwa bado, na hilo sasa alilijua vizuri.

Upande wa wanawake, nyuma ya pazia, Mwanapili akakohoa.